Tracy Chapman: Diwani ya Kwanza na Masikio Yaliyoipokea

Tarehe 5 Aprili 1988 kampuni ya santuri ya Elektra, ya Marekani, ilitoa albamu ya binti mmoja mweusi aliyekuwa ametimiza miaka 24 siku chache kabla. Nje ya vilabu vidogo vya Boston na Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, hakuwa akijulikana. Albamu ilibeba jina lake tu: Tracy Chapman. Ndani yake mlikuwa na nyimbo 11, zote zimetungwa na yeye peke yake, na mtu angeweza kuzisikiliza zote kwa muda usiofika dakika 40. Mwaka ulipokuwa haujaisha, albamu hiyo ilikuwa imekwisha kushika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, na mtunzi wake alikuwa amesimama na gitaa lake mbele ya maelfu ya watu London, Abidjan na Harare.

Kisa hiki husimuliwa aghalabu kama kisa cha bahati. Bahati ilikuwapo, nami nitaieleza. Lakini sisi tunaoishi na mashairi tuna haki ya kuuliza swali jingine. Bahati ilipofungua mlango, ni nini hasa kilichoingia? Na ilikuwaje kilichoingia kikadumu, hata miaka 35 baadaye mtu mwingine kabisa, wa rangi nyingine na jinsia nyingine, alipouimba mmoja wa nyimbo hizo, watu ambao hawakuujali mara ya kwanza wakaupokea kana kwamba umetungwa kwa ajili yao? Kwa maoni yangu albamu hii ilikuwa diwani kabla ya kuwa santuri. Historia ya mapokezi yake inatufundisha mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: kwamba neno lililokomaa humpita aliyelisema, na kwamba masikio ya watu huuliza kwanza ni nani anayelisema.

Miaka kabla ya santuri

Chapman alizaliwa tarehe 30 Machi 1964 Cleveland, Ohio, mji wa viwanda uliokuwa ukipoteza viwanda vyake. Wazazi wake waliachana angali mdogo, naye akalelewa na mama yake katika maisha ya dhiki. Pamoja na dhiki hiyo, mama alimnunulia ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, mtoto akiwa na miaka mitatu. Alipofika umri wa miaka minane alikuwa akipiga gitaa na kujitungia nyimbo. Nje ya nyumba yao mji ulikuwa katika mvutano mkali kuhusu kuwachanganya watoto weusi na weupe madarasani, na chuki hiyo haikumpitia mbali.

Mpango wa ufadhili uitwao A Better Chance, unaowasaidia vijana wenye akili wa jamii zilizobaguliwa, ulimpeleka Wooster School, shule ya bweni huko Connecticut. Huko ndiko alikotunga, akiwa bado mwanafunzi, wimbo ambao baadaye ungeifungua albamu yake, Talkin' Bout a Revolution. Kijana aliyetoka katika familia ya kuhesabu senti alijikuta miongoni mwa wenzake wasiojua senti ni nini, na wimbo ule unazungumza juu ya watu wanaopanga foleni za msaada na za kutafuta kazi. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, akasoma anthropolojia. Wakati wa masomo aliimba Harvard Square, akitunzwa na wapita njia kama waimbaji wetu wa taarabu wanavyotunzwa ukumbini, ila yeye hakuwa na ukumbi.

Mwanafunzi mwenzake wa Tufts, Brian Koppelman, alimsikia na akavutiwa mno. Baba wa kijana huyo, Charles Koppelman, alikuwa mtu mkubwa katika biashara ya uchapishaji wa nyimbo. Kwa njia hiyo kanda ya nyimbo za Chapman ikafika Elektra. Mwenyewe hakuwa na pupa. Wanaosimulia habari hizi wanakubaliana kwamba aliyekuwa akisukuma mambo ni Koppelman.

Nayataja haya kwa sababu neno "albamu ya kwanza" humfanya msikilizaji adhani anasikia mwanzo. Kwa hakika alichosikia ulimwengu mwaka 1988 kilikuwa mavuno. Wimbo wa kwanza ulikuwa na umri wa miaka kadhaa. Fast Car ulikuwa umekwisha tungwa mwaka 1986. Na nyimbo zile zilikuwa zimeimbwa mbele ya watu wanaopita, ambao hawana sababu yoyote ya kusimama isipokuwa neno lenyewe liwasimamishe. Malenga wetu wa zamani waliijua shule hiyo. Mtu aliyeimba ngomani au barazani alipewa hukumu palepale, na ubeti uliolegea haukurudi mara ya pili.

Uchache wa vitu

Ili kuelewa namna albamu ilivyosikika, yatupasa tukumbuke muziki wa wakati ule. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya vinanda vya kielektroniki, ngoma za mashine na studio zilizojaza kila pengo kwa sauti. Kuna aliyemtangulia Chapman kuupasua ukuta huo: Suzanne Vega, ambaye wimbo wake Luka, juu ya mtoto anayepigwa nyumbani, ulipata umaarufu mkubwa mwaka 1987. Hata hivyo, wimbo wa mtu na gitaa lake, mapokeo ambayo Wamarekani wanayahesabu kuwa ya kijadi, ulionekana na wenye kampuni nyingi kuwa biashara iliyokwisha pitwa na wakati.

Mtayarishaji wa albamu, David Kershenbaum, alifanya uamuzi ambao leo unaonekana wa kawaida lakini wakati ule ulikuwa wa kijasiri. Aliiacha sauti na gitaa vibaki mbele, akaongeza ngoma za Denny Fongheiser na besi ya Larry Klein kwa kipimo cha chumvi katika mchuzi. Neno halikufunikwa. Mtu anaweza kuisikiliza albamu nzima na asipoteze silabi hata moja, na hilo si jambo dogo katika muziki uliokusudiwa kuuzwa.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na tangu hapo mjadala wetu umekuwa ukizunguka vina na mizani kana kwamba kuimbika kunatokana navyo pekee. Nikizisikiliza nyimbo za Chapman kwa sikio la mjadala huo, naona ushahidi wa upande wa tatu. Vina vyake ni vya kulegea, mara vipo na mara havipo. Mizani ya mistari yake hupanuka na kusinyaa kufuata mazungumzo ya kawaida. Na bado nyimbo zile zinaimbika mno, hata na watu wasiojua Kiingereza vizuri. Kinachozishika ni pumzi ya msemaji, mapigo ya gitaa yanayojirudia chini yake, na kiitikio. Nisieleweke kwamba nawataka watu waache vina. Ninachosema ni kwamba kuimbika kuna mizizi mingi, na mmoja wao ni msemo wa kawaida uliopimwa kwa uangalifu.

Kiambishi kimoja

Fast Car ni utenzi mfupi wa maisha ya mwanamke kijana. Baba yake ni mlevi asiyeweza tena kufanya kazi, mama ameondoka, naye ameacha shule ili amtunze baba. Anaye mpenzi mwenye gari. Anamshawishi waondoke, wakaanze maisha mjini. Wanaondoka. Yeye anapata kazi ya kupokea fedha dukani, mwenziwe hapati. Wanalala katika makazi ya watu wasio na nyumba, wanatumaini kupandishwa daraja na kununua nyumba kubwa. Mwishoni kazi yake inalipa madeni yote, watoto wamekuja, na mwenziwe anashinda kwenye baa na marafiki zake. Msimulizi ameolewa, tuseme, na baba yake mwenyewe. Hakuna mahali popote katika wimbo anaposema hivyo. Msikilizaji ndiye anayeuona mduara ukijifunga.

Katikati ya masimulizi hayo kuna kiitikio: kumbukumbu ya usiku mmoja garini, taa za mji, mkono begani, na hisia ya kwamba hatimaye mtu ana mahali pake duniani. Maneno ya kiitikio hayabadiliki. Kinachobadilika ni beti zinazokitangulia. Mara ya kwanza kiitikio ni tumaini. Mara ya pili ni faraja ya mtu aliyechoka. Mara ya mwisho ni kumbukumbu ya kitu kilichokufa. Wapenzi wa taarabu wanaifahamu mbinu hiyo vizuri, kwa kuwa kibwagizo chema hurudi kikiwa kilekile na kumkuta msikilizaji akiwa mwingine.

Lakini kilichonifanya niuheshimu wimbo huu zaidi ni jambo dogo la sarufi. Mwanzoni, msimulizi anapouliza kama gari lile litawawezesha kukimbia, anasema kwa wingi: yeye na mwenziwe, sisi. Karibu na mwisho anauliza swali lilelile, ila sasa ni nafsi ya pili peke yake: wewe. Mahusiano yote yamevunjika ndani ya badiliko la kiwakilishi kimoja. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ingekuwa fupi zaidi: tuondoke, uondoke. Kiambishi cha silabi moja kinaondoka, kingine kinakaa mahali pake, na ndoa imekwisha. Mtunzi wa miaka 22 aliyeweza kuitegemea sarufi kiasi hicho, bila kuongeza hata sentensi moja ya kulia, hakuhitaji bahati ili awe mtunzi. Alihitaji bahati ili asikike.

Ukuta na jirani

Wimbo wa nne katika albamu, Behind the Wall, hauna gitaa, hauna ngoma, hauna chochote isipokuwa sauti. Msimulizi ni jirani anayesikia kupitia ukutani mwanamke akipigwa usiku. Polisi wakiitwa huchelewa, na wakifika husema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Usiku wa mwisho kuna ukimya, kisha gari la wagonjwa na umati.

Kuna sababu ya kisanaa ya kuondoa ala zote hapo. Ala ni wenzi wa mwimbaji. Zikiwapo, mwimbaji hayuko peke yake. Wimbo huu unahusu mtu anayeita msaada na hajibiwi, na kwa dakika mbili hivi msikilizaji naye anawekwa katika chumba ambamo hakuna anayejibu. Sisi tuliozoea mashairi yanayoghaniwa kwa sauti tupu tunajua jinsi neno linavyozidi uzito pale lisipokuwa na pa kujificha.

Ninapousikia wimbo huo sikosi kumkumbuka Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, miaka 60 kabla ya albamu hii. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni ule wa Kijiti, uliosimulia kisa cha kweli cha Unguja: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa, mtuhumiwa akavuka kwenda bara, na mahakama ya kikoloni ikawaadhibu wanawake waliokuwa pamoja naye. Hakuna ushahidi kwamba Chapman aliwahi kumsikia Siti, wala sidai urithi wa moja kwa moja. Nadai undugu wa kazi. Mahali ambapo dola imekataa kuwa shahidi, mwimbaji mwanamke ameshika nafasi ya shahidi, na ameishika kwa kusimulia tu: nani alisikia nini, nani aliitwa, nani hakuja. Nyimbo zote mbili zinaacha hasira ifanywe na msikilizaji.

Siku ya Wembley

Sasa niseme habari ya bahati. Tarehe 11 Juni 1988, miezi miwili na siku chache baada ya albamu kutoka, tamasha kubwa lilifanyika katika uwanja wa Wembley, London, kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, aliyekuwa angali kifungoni. Uwanjani walikuwapo watu wapatao 72,000, na matangazo yalipelekwa katika nchi 67. Watazamaji walikadiriwa kufika milioni 600. Kwetu Afrika Mashariki jambo hilo halikuwa habari ya mbali. Wakati huohuo, Mazimbu, Morogoro, chama cha ANC kilikuwa kikiendesha chuo chake cha Solomon Mahlangu, na watoto wa wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wakisoma katika ardhi ya Tanzania.

Chapman alipangiwa muda mfupi mchana, miongoni mwa wasiojulikana. Akaimba, akashuka. Jioni ikawadia zamu ya Stevie Wonder. Muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani ikagundulika kwamba diski ya kinanda chake cha kielektroniki, iliyobeba muziki wote aliohitaji, haionekani. Wonder akaondoka akilia. Jukwaa kubwa kuliko yote duniani siku ile likabaki tupu, matangazo yakiendelea. Waandaaji walihitaji mtu anayeweza kupanda mara moja bila mitambo. Wakamrudisha binti mwenye gitaa. Akaimba Fast Car.

Baadaye usiku huohuo Wonder alirejea na kutumbuiza, lakini kilichotokea kilikuwa kimekwisha kutokea. Wiki chache baadaye albamu ilikuwa juu kabisa Uingereza, na mwezi Agosti ikafika nafasi ya kwanza Marekani. Fast Car kama wimbo pekee ulifika nafasi ya 5 Uingereza na ya 6 Marekani. Septemba na Oktoba Chapman alizunguka dunia katika ziara ya haki za binadamu ya Amnesty International, pamoja na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour, ziara iliyofika Harare na Abidjan.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Diski ilipotea, na bila diski hapakuwa na muziki. Binti yule hakuwa na kitu cha kupotea, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kichwani, kooni na vidoleni. Ushairi unaotegemea kumbukumbu una udhaifu mwingi, na historia yetu wenyewe imepoteza beti nyingi kwa sababu hiyo. Jioni ile nguvu zake zilionekana.

Masikio ya 1988

Wahakiki wengi waliipokea albamu kwa sifa. Februari 1989 Chapman alishinda tuzo 3 za Grammy kati ya 6 alizoteuliwa: msanii bora mpya, mwimbaji bora wa kike wa pop, na albamu bora ya muziki wa kijadi wa kisasa. Marekani peke yake albamu imethibitishwa kuuzwa nakala milioni 6.

Hata hivyo, mapokezi hayo yalikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza ulikuwa wa maudhui. Alibandikwa jina la mwimbaji wa maandamano, na kila alichosema kikapimwa kwa kipimo hicho. Waliompenda walipenda ujumbe. Waliomchoka walisema anahubiri. Pande zote mbili zilisahau kwamba karibu nusu ya albamu ni nyimbo za mapenzi. Baby Can I Hold You ni utungo juu ya mtu asiyeweza kutamka maneno machache mepesi ambayo mwenziwe anayangoja, na hakuna siasa ndani yake isipokuwa siasa ya ulimi. Kundi la Boyzone la Ireland liliuimba mwaka 1997, na vijana waliolia nao huenda hawakujua kwamba mtunzi wake ni yuleyule mwenye wimbo wa mapinduzi.

Mpaka wa pili ulikuwa wa rangi, nao ni mchungu zaidi. Watu waliujaza ukumbi kumsikiliza, na wengi wao walikuwa weupe; redio za Wamarekani weusi hazikumpiga sana, kwa sababu muziki wake haukufanana na uliotarajiwa kutoka kwa mwanamke mweusi. Gitaa la mbao na masimulizi vilikwisha kuhesabiwa kuwa mali ya wazungu. Historia haikubali hesabu hiyo. Banjo ilitokana na ala za Afrika Magharibi zilizovuka bahari pamoja na watumwa. Elizabeth Cotten wa North Carolina, mwanamke mweusi aliyefanya kazi za ndani, ndiye mtunzi wa Freight Train, wimbo ulioenea kote katika mapokeo hayo. Odetta alikuwa akiimba na gitaa lake kabla vijana wengi mashuhuri wa miaka ya 1960 hawajapanda jukwaani. Chapman alikuwa ameketi katika nyumba ya bibi zake, na watu wakamwuliza amefikaje humo.

Miaka 35 baadaye

Machi 2023 mwimbaji wa muziki wa kantri Luke Combs, mzaliwa wa North Carolina, aliiweka Fast Car katika albamu yake. Combs alizaliwa mwaka 1990. Aliujua wimbo tangu utotoni, kupitia baba yake. Aliuimba karibu kama ulivyo. Hata pale msimulizi anapojitaja kuwa binti wa dukani, hakubadilisha jinsia ili imfae yeye. Kwa Kiingereza uamuzi huo ulisikika mara moja, mwanamume mwenye ndevu akisema maneno ya mwanamke. Kwa Kiswahili viambishi vyetu visingelisaliti jambo hilo, kwani nafsi ya kwanza na ya tatu kwetu hazina jinsia. Lingetegemea nomino moja tu. Lakini msingi ni uleule unaofahamika kwa kila mtu aliyewahi kusoma tungo zetu ambamo malenga mwanamume anazungumza kwa kinywa cha mwanamke: anayesema ndani ya shairi si lazima awe mwenye sauti. Combs aliheshimu hilo, na kwa kuheshimu huko akaonyesha kwamba utungo ulikuwa umejengwa kuweza kubebwa na mwingine.

Wimbo ulipanda hadi nafasi ya 2 katika orodha kuu ya Marekani na ukaongoza katika redio za kantri. Chapman akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza orodha hiyo ya redio akiwa mtunzi pekee wa wimbo. Novemba mwaka huo chama cha muziki wa kantri, kinachotoa tuzo tangu 1967, kilimpa tuzo ya wimbo bora wa mwaka. Hapakuwahi mtunzi mweusi kuipata. Hakuhudhuria, alituma salamu fupi za shukrani.

Ndipo mjadala ukazuka, nami naona ulikuwa wa haki. Wengine walifurahi kwamba kizazi kipya kimekutana na mtunzi mkubwa. Wengine waliuliza kama redio zilezile zingempiga yeye mwenyewe, na sauti yake, na sura yake. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja. Furaha ni ya kweli, kwa kuwa maneno yamethibitika. Uchungu nao ni wa kweli, kwa kuwa maneno hayohayo yalikuwapo kwa miaka 35, na mlango ule haukufunguka mpaka yalipopata kinywa kingine.

Tarehe 4 Februari 2024, katika sherehe za Grammy huko Los Angeles, Chapman, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameonekana hadharani mara chache sana, alipanda jukwaani pamoja na Combs. Alianza yeye, kwa mapigo yaleyale ya gitaa. Siku zilizofuata santuri ya 1988, katika sauti yake mwenyewe, ilirudi katika orodha za mauzo. Mwaka 2025 Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza albamu ile katika kumbukumbu ya taifa ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa.

Jina la mtunzi

Limebaki jambo moja ambalo watunzi wa Kiswahili tungefaa kulitafakari. Nyimbo zote 11 zilisajiliwa kwa jina moja, na mwenye jina amelilinda. Mwaka 2018 alimshtaki Nicki Minaj kwa kutumia Baby Can I Hold You bila idhini katika wimbo ambao haukutolewa rasmi. Shauri likamalizika Januari 2021 kwa malipo ya dola 450,000. Combs alipoupandisha wimbo, heshima na malipo ya utunzi vilijua njia ya kurudi nyumbani.

Kwetu hali ni tofauti. Ni nyimbo ngapi za taarabu na za dansi ambazo tunazijua kwa jina la mwimbaji au la kundi, na aliyeketi usiku kupanga maneno hatumjui? Muyaka bin Haji wa Mombasa angeweza kutupotea vivyo hivyo. Alifariki katika karne ya 19, na tungo zake zilikaa vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na William Taylor akaziandika. Zilichapwa kama diwani mwaka 1940. Muyaka alipata wakusanyaji, lakini wengi wa rika lake hawakuwapata, na tungo zao zimebaki bila mwenyewe au hazikubaki kabisa.

Chapman mwenyewe hajatoa albamu mpya ya studio tangu Our Bright Future ya mwaka 2008, wala hajaonyesha haraka. Kazi ya kwanza inaendelea kutembea bila yeye kuisukuma, kama zinavyotembea methali na nyimbo za harusi, na tofauti iliyopo ni kwamba kila inapofika jina lake limo. Atakayeitafsiri Fast Car kwa lugha yetu, na natumaini atatokea, ataanza kwa kushughulika na viambishi viwili vile, tu- na u-. Akivipata hivyo, mengine yatamfuata.